Siku Hamsini na Sita

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya umma, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Omurushaka, na kama kuna jambo nililolijua kuliko hata mkuu wa ofisi, jambo hilo lilikuwa likizo. Hakuna aliyekwenda likizo bila kupita kwenye mashine yangu. Karatasi tatu, kaboni mbili katikati, YAH: LIKIZO YA MWAKA, halafu siku zake ishirini na nane, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kuripoti, na chini kabisa "Wako katika ujenzi wa Taifa". Nakala moja ya mwenyewe, moja ya faili lake, moja ya jalada kuu. Wengine walinibembeleza, wengine waliniletea senene wa kukaanga ili tarehe isogee kidogo. Senene nilikula. Tarehe haikusogea.

Nayasema haya ili ijulikane mapema kwamba kosa nililolifanya katikati ya miaka ile ya themanini halikuwa la mtu asiyejua sheria. Lilikuwa la mtu aliyedhani anaijua yote.

Sheria ilikuwa hivi. Mwanamke akijifungua alipewa siku themanini na nne zenye mshahara, na mwaka huo likizo yake ya kawaida ilimezwa humo humo. Baada ya hapo mlango ulifungwa miaka mitatu. Ukijifungua tena kabla miaka mitatu haijatimia, watu watakupongeza kama kawaida, lakini siku za uzazi huna. Una zile za likizo yako ya mwaka tu, kama ulizitunza.

Kwa mtoto wetu wa kwanza nilizipata zile themanini na nne, na nikazitumia kijinga. Miguu ilinivimba, wanawake wenzangu pale ofisini wakaniambia nenda kapumzike dada, nami nikaondoka wiki tano kabla ya siku niliyoandikiwa kliniki. Mtoto naye akachelewa wiki mbili. Nilikaa nyumbani nimelishika tumbo huku siku zangu zikiteketea bure, na niliporudi kwenye mashine yule mtoto alikuwa na wiki tano tu duniani. Tulimwachia msichana wa kazi aliyetoka kwa akina mume wangu huko Muleba, pamoja na maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Haikupita wiki akaanza kuhara. Aliharisha akapona, akaharisha tena, mpaka macho yakaingia ndani na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ndama, na alipokuwa akitoka kwa baiskeli asubuhi hakuthubutu kumtazama, kwa sababu, alinieleza baadaye, alikuwa anaogopa kuwa anamwona kwa mara ya mwisho.

Aliyemwokoa ni mama yangu. Alishuka kutoka upande wa Kyerwa, ambako siku hizo kulikuwa bado si wilaya, akiwa na unga wa ulezi kwenye kitambaa na samli kwenye kibuyu, akaweka mkeka chini ya dirisha letu, akakaa hapo mwezi mzima akimnywesha mtoto uji mwepesi kwa kijiko. Kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine. Mimi wakati huo nilikuwa napiga chapa likizo za wengine. Jioni nikirudi mama ananiambia, "Leo amekunywa, mwanangu," ananipa mtoto ninyonyeshe, kisha anakwenda kumenya ndizi. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi nilijilaumu kwa niaba yetu sote wawili.

Hivyo nilipojikuta mjamzito tena, mtoto wa kwanza akiwa na mwaka na nusu, sikulia wala sikufurahi. Nilihesabu. Likizo ya mwaka uliopita sikuwa nimekwenda, kwa sababu kazi za mwisho wa mwaka zilikuwa nyingi na mkuu aliniomba niiahirishe. "Akiba haiozi, mama," aliniambia, nami nikajipigia mwenyewe barua ya kuahirishiwa. Ya mwaka ule nayo ilikuwa haijaguswa. Ishirini na nane na ishirini na nane ni hamsini na sita. Kama ningefanya kazi mpaka uchungu wenyewe unishike, siku zote hamsini na sita zingekuwa za mtoto. Ningerudi kazini akiwa na wiki nane badala ya tano, na mama angeshuka kukaa naye tangu hapo mpaka aanze kula. Wiki tatu si nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kumwacha mtoto wa wiki tano mlangoni.

Mpango ulikuwa huo, na niliupenda kuliko ninavyoweza kueleza. Kila asubuhi nilijiambia, hamsini na sita. Nilikuwa bahili wa siku.

Jambo moja tu lilinitisha, nalo ni mkuu wa ofisi. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mlutheri mwenye huruma nyingi, na huruma ndiyo niliyoiogopa. Kama angejua tumbo lina miezi mingapi angenionea imani, angesema mama huyu asije akajifungulia hapa kwenye mashine, na angeniamuru nianze likizo mapema. Basi nikaificha miezi. Nilivaa sweta mwezi wa tano, nikajifunga khanga mbili, nikawa nakaa tayari kwenye kiti kabla wenzangu hawajafika na kuondoka wakiwa wameshaondoka. Akiniuliza, "Mama, lini?" nilimjibu, "Bado, mzee." Hilo halikunipa shida, kwa kuwa kwetu ndivyo tulivyolelewa. Wazazi wangu walikuja kutoka Rwanda wakiwa vijana, wakafyeka msitu wakapanda migomba, na wao kama majirani zao Wanyambo hawakuwa watu wa kutangaza mwezi wa kujifungua. Mtoto ambaye hajazaliwa hatajiwi siku, mtu asije akaisikia siku hiyo akaingoja kwa nia mbaya. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na desturi na sheria kwa pamoja na kumwacha yeye nje. Nilimwambia anyamaze, yeye mwenye likizo mbili kila mwaka anazozimalizia kwenye bao.

Habari za mama nilikuwa nazipata kwa jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akileta maharage kuuza Omurushaka. Alikuja na basi mara mbili kwa wiki. Nikitoka kazini nilipita alipokuwa amepanga magunia yake, tukasalimiana, akanipa salamu na chochote alichotumwa. Mwanzoni mwa mwezi wa sita, maharage mapya yakiwa ndiyo kwanza yanatoka shambani, aliniambia, "Mama yako kifua kinambana kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo. Anakohoa. Amesema usihangaike kwenda. Anasema siku zako ni za mtoto, yeye atakuja mwenyewe wakati ukifika."

Maneno hayo niliyapokea kwa haraka ambayo mpaka leo inanichoma. Hakuna aliyenilazimisha kuyakubali. Nilijua mama yangu ni mtu gani. Angekatwa mguu angetuma salamu kwamba amejikwaa. Lakini maneno yale yalifanana sana na yale niliyotaka kuambiwa, nikayachukua kama mtu anavyochukua barua iliyokwisha kutiwa sahihi.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye akasema, "Nenda kamwone."

Nikamweleza hesabu. Basi la kwenda kule lilipanda Jumamosi mchana, Jumapili halikutembea, likashuka Jumatatu asubuhi, na mpaka lifike Omurushaka saa za kazi zimekwisha kwenda. Jumatatu ile ingekatwa kwenye likizo yangu. Zingebaki hamsini na tano. Zaidi ya hapo, mtu akienda kumwomba mkuu siku moja lazima asimame mbele ya meza yake, na akisimama mbele ya meza tumbo linaonekana.

"Unamhesabia mama yako siku moja?" aliuliza.

Nilikasirika vibaya sana. Nilimwambia hakumwona mtoto wetu amekauka kama mimi nilivyomwona, maana yeye alikuwa anapanda baiskeli anakwenda zake. Yalikuwa maneno mabaya na yalimwingia. Hakulizungumza tena jambo hilo. Nilishinda ubishi ule, na kushinda ubishi kwa mwalimu si mchezo, nikalala nimeridhika.

Wiki iliyofuata mama wa maharage aliniletea unga wa ulezi. "Mama yako amesaga mwenyewe," aliniambia, nami nikafurahi, nikasema anayesaga ulezi huyo amepona. Wiki ya baada yake akasema bado anakohoa lakini anakaa nje kuota jua. Nikatuma limau na sukari robo, sukari ya foleni, nikaona nimefanya jambo kubwa. Wiki ya nne hakunitazama sana. Aliniambia mama anasalimia, akaanza kufunga gunia ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa. Nililiona hilo. Nilisema moyoni, wiki chache tu, nikishajifungua ataletwa hapa, nitamtunza ndani ya siku zangu, yeye na mtoto pamoja.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo nilifika ofisini nikakuta kimya. Mkuu hayupo, karani wa masijala hayupo, mhudumu hayupo, gari la ofisi halipo. Alikuwepo mlinzi peke yake, amesimama mlangoni kama mtu aliyefumwa.

"Wamekwenda wapi watu wote?"

"Mkutanoni, mama."

"Mkutano gani?"

"Uko huko Kyerwa."

Niliudhika, na nilikuwa na sababu zangu. Mkutano ambao mimi sikuupigia barua ya mwito ulikuwa mkutano gani? Ofisi nzima iende mkutanoni bila karatasi? Nilikaa siku hiyo nikipiga stensili na kusonya. Mlinzi aliniletea chai mara mbili bila kuombwa. Jioni gari likarudi limejaa vumbi, wakashuka hawaongei, viatu vyao vina udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Karani wa masijala alikuwa kijana wa kutaniana, nikamwuliza kama siku hizi mikutano inafanyiwa shambani. Aliniangalia, akasema, "Shambani, dada," akaenda kunawa.

Mume wangu siku hizo mbili alikuwa amesema ana semina ya walimu. Alirudi Ijumaa akiwa amechoka, macho mekundu, akamchukua mtoto wetu mkubwa akamweka mapajani akakaa naye nje mpaka jua likazama. Nilimwuliza semina ilikuwa juu ya nini. Akasema hisabati.

Zilipita siku kumi na tano zaidi, nami niko kazini. Uchungu ulinishika asubuhi kwenye mashine, katikati ya barua ya mtu, nami, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa kichaa wa aina yangu, niliimaliza barua ile, nikatoa kaboni, nikapanga nakala, ndipo nikamwambia karani amwite mkuu. Mkuu alikuja mbio akaamuru gari. Kabla ya jioni nilikuwa nimejifungua mtoto wa kike mwenye kelele, na siku yangu ya kwanza ya likizo ilikuwa kesho yake. Hakuna hata moja iliyopotea. Nilimwambia mkunga nimefaulu. Akadhani nasema habari ya kuzaa, akasema hongera.

Nilimngoja mama. Desturi ilikuwa yeye anikande kwa maji ya moto, aniongoze kwenye kula na kunyonyesha, kama alivyofanya mara ya kwanza. Dada yake mume wangu alikuja kutoka Muleba, akanikanda vizuri tu, sina la kumsema, lakini kila nikisikia mlio wa basi barabarani niliinua kichwa. Wakaniambia mama anamalizia maharage. Kesho yake wakaniambia mguu unamsumbua. Mimi nikasema ni kifua, si mguu. Wifi yangu akasema ndiyo, kifua. Mume wangu alikuwa ametoka nje.

Siku ya kumi na moja, kitovu kikiwa kimedondoka na maziwa yametulia, baba yangu akaja. Alikuja na basi la asubuhi, peke yake, mwenye fimbo na kofia. Baba yangu hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kofia kichwani. Alikuwa Mkatoliki wa zamani, alivua kofia hata akipita mbele ya kanisa lililofungwa. Siku hiyo aliingia nayo, akakaa nayo, akaitikia shikamoo yangu nayo. Nilimpa mtoto. Alimpakata, akainama kumtazama, kofia ikamdondokea mtoto kifuani, nami nikaona kichwa cha baba yangu kimenyolewa chote, nywele zimeanza kuchipua kama za mtoto yule yule aliyekuwa mikononi mwake. Kwetu mume hunyoa kwa jambo moja tu.

Hakukuwa na haja ya kuniambia, lakini aliniambia, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake. Mama alikufa Jumatano, siku kumi na sita kabla sijajifungua. Alizikwa Alhamisi kwenye kibanja, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mwenye mimba haambiwi kifo wala haendi kaburini, na aliyezaa haambiwi mpaka maziwa yatulie, yasije yakakauka kwa mshtuko. Wote walikubaliana hivyo, baba, mume wangu, wifi, mama wa maharage, na ofisi yangu nzima, ambayo ilipanda gari ikaenda kumzika mama yangu wakati mimi nimebaki kwenye mashine nawasonya kwa kwenda mkutanoni bila karatasi.

Sikupiga kelele. Nilimnyonyesha mtoto kwa sababu alikuwa analia. Maziwa hayakukauka, walikuwa sahihi kwa hilo. Lakini nilimchukia mume wangu wiki nzima, chuki ya kweli, ya kumnyima jibu akiuliza chumvi iko wapi. Siku moja alikaa kando ya kitanda akasema, "Ningekwambia siku ile, ungefanya nini?" Nilitaka kumwambia ningekwenda. Nikakumbuka kwamba alikuwa ameniambia niende akiwa bado hai. Nikamwomba chumvi mimi.

Siku zilizobaki nilikwenda kuzimalizia nyumbani kwa mama, mimi na watoto wote wawili. Watu walisema mzazi asisafiri mapema hivyo, nami nikawaambia siku ni zangu. Niliishi katika nyumba ile nikapika kwenye jiko lake, nikalala upande wake wa kitanda. Asubuhi nilimwogesha mtoto uani, baba akishika beseni. Mtoto alinenepa. Alianza kufuata sauti kwa macho, kisha siku moja akamchekea babu yake wazi wazi, bila meno, na mzee akageuka upande wa migomba. Nilivipata vyote nilivyovikusanyia siku zile. Shangazi yangu aliyekuwa akimwuguza mama aliniambia kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kila akiamka kama basi limepanda. Nikamwuliza alikuwa anamngoja nani. Shangazi akanitazama kwa mshangao, akasema, "Wewe."

"Si alisema nisije?"

"Alisema usije," shangazi alijibu. "Mama yeyote angesema hivyo."

Nilirudi kazini siku iliyoandikwa, asubuhi, nimefunga kifua kwa kitambaa maana maziwa yalikuwa yanatoka. Mtoto mchanga alikuwa nyumbani na shangazi huyo huyo, aliyekubali kushuka nami, na hakuharisha siku hiyo wala baadaye. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kunipa pole na hongera kwa mkono uleule, hawajui waanze na ipi. Karani wa masijala aliniomba radhi kwa neno lile la shambani. Nikamwambia ulisema kweli, umenidanganya kwa kusema kweli, nenda zako.

Mkuu aliniita. Nilisimama mbele ya meza yake, na safari hii sikuwa na la kuficha. Alinipa pole, akanisimulia maziko yalivyokuwa, nani alisoma sala, jinsi baba alivyokataa kuketi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mpiga chapa aliyekuwa ndani yangu akauliza, kwa sababu mafaili ya watu wote yalikuwa yamepita mikononi mwangu asubuhi ile na sikuona kitu.

"Mzee, siku ile mlikwenda watu sita. Mlikwenda kwa likizo ipi? Sijaona imekatwa popote."

"Likizo?" alisema. "Ile ilikuwa ruhusa, mama. Mtu akiwa na mgonjwa au msiba anakuja anasema, naye anakwenda. Siku moja, siku mbili. Hatukati likizo ya mtu kwa jambo kama hilo, wala hatuandiki."

"Hamwandiki."

"Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuandika," alisema. Halafu, kwa huruma yake ile ile, akaongeza, "Na lile tumbo tuliliona sote tangu mwezi wa nne. Tulikuacha tu kwa kuwa tuliona unataka kufanya kazi."

Nilirudi mezani kwangu. Palikuwa na rundo la barua limenisubiri wiki nane. Nilipanga karatasi tatu na kaboni mbili, nikaziingiza kwenye mashine, na kwa muda mrefu sikugonga herufi hata moja. Tangu mama wa maharage aliponiletea ile habari ya kwanza mpaka Jumatano ile zilipita Jumamosi nne, na basi lilipanda zote nne. Zilifuatwa na Jumatatu nne. Ningeweza kwenda mara nne nikarudi, na zile hamsini na sita zingekuwa bado ni hamsini na sita.